Afande, Mlinzi wa Mpunga wa Mbuchi, Anapumzika

Jumamosi hii, tarehe 2 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, Afande anastaafu rasmi kazi ya ulinzi wa ghala la mpunga la ushirika wetu hapa Mbuchi, baada ya utumishi wa miaka kumi na tano na miezi mitano, bila likizo, bila barua ya onyo, na bila kupokea simu hata moja. Kwa wageni waliotoka Kibiti na Mtunda ambao hawamfahamu, na ambao wanakodolea macho viti vya mbele wakimtafuta mzee mwenye kofia, tunawaomba washushe macho kidogo. Afande ni yule paka wa rangi ya majivu aliyelala juu ya gunia.

Mwandishi wa wasifu huu ni Kondo, karani wa mizani, aliyefanya kazi na mstaafu kwa miaka kumi na miwili. Aseme ukweli mapema: hapendi paka. Kikao kilimpa kazi hii kwa sababu mwandiko wake ndio pekee unaosomeka hapa ghalani. Kwa hiyo msomaji asitegemee sifa za bure.

Mstaafu alizaliwa mahali pasipojulikana. Aliingia kazini Machi 2010 ndani ya lori lililobeba magunia matupu kutoka ng'ambo ya mto. Dereva alikuwa amesimama Ndundu, karibu na daraja, kununua samaki wa kukaanga, na inaaminika Afande alipanda hapo kwa kufuata harufu, akiwa na nia ya kushuka akishashiba. Hakushuka. Magunia yalipofunguliwa kikatoka kijipaka chembamba, makapi yamekijaa masikioni, kikapita katikati ya watu wazima sita kama kinakagua gwaride. Mtunza ghala wetu, Bi Rukaya, akasema huyu ni afande. Jina likakaa.

Usaili hakufanyiwa. Siku ileile kabla ya adhuhuri aliua panya wawili, na wa tatu akahama mwenyewe. Lakini Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Abdulswamadu, ambaye hata kupiga chafya angependa kuona muhtasari wa kikao kwanza, alisema utaratibu ni utaratibu: kila anayelala ghalani lazima aandikwe kwenye daftari la mahudhurio, na paka haandikwi, basi atoke. Bi Rukaya hakubishana naye. Alichukua daftari akamwandika. Tangu siku hiyo jina la Afande limekuwa likiitwa kila asubuhi, baada ya Haruni mpakiaji na kabla ya karani wa mizani, na anayeitikia kwa niaba yake ni Bi Rukaya.

Daftari hilo nusura lituaibishe. Alikuja mkaguzi mmoja, amevaa viatu vyeupe, na yeyote anayevaa viatu vyeupe kuja Mbuchi mwezi wa nne anahitaji kuombewa dua. Akapekua kurasa akaona kuna mlinzi hakosi kazi hata siku ya Idi, ila hajatia saini kwa miaka minne. Akataka aitwe mbele yake. Tukatazamana. Bi Rukaya akaita. Afande akaja na panya mdomoni, akamlaza taratibu juu ya kiatu kimoja cha mgeni, akakaa pembeni kungoja maswali. Mkaguzi aliandika kwamba hali ya ulinzi inaridhisha.

Na kweli iliridhisha. Kabla ya Afande, mkulima aliyeleta magunia kumi alikuwa anajua moja ni la panya, kama sadaka. Baada yake tukasahau kushona viraka. Mwaka wa mafuriko makubwa, maji yalipofika kwenye kizingiti, sisi tulipandisha magunia juu ya chanja, tukakimbilia kwenye mwinuko na familia zetu. Panya wa bonde zima walikuwa na wazo hilohilo la kupanda juu, na juu walimkuta Afande. Siku tisa alikaa peke yake na mpunga wa watu. Tulirudi na mtumbwi tukiwa tumejiandaa kumlilia. Tukamkuta amenenepa.

Mapungufu yake pia yaandikwe. Ng'onda wa Haruni, wale samaki wakavu, aliwala, si mara moja. Mikutano yote aliilala. Watoto wake wametapakaa mpaka Mtunda na hakumlea hata mmoja. Na kuna lile pambano la mwaka 2017, alipopigwa na bata wa Mwenyekiti mbele ya wanaushirika wote, akakimbilia chini ya mizani, akabaki huko mpaka magharibi. Mwenyekiti bado analitaja jambo hilo kwenye hotuba.

Lakini mwandishi amekwisha kuona jambo moja ambalo hataki likose kwenye karatasi hii. Miaka sita iliyopita Bi Rukaya alifiwa na mumewe, akakaa eda. Miezi minne na siku kumi hizo, kila jioni, Afande alitoka ghalani baada ya mlango kufungwa, akaenda kulala kwenye mkeka wa Bi Rukaya, na alfajiri akarudi kazini. Hakuna aliyemtuma wala aliyemfundisha. Bi Rukaya mwenyewe alitwambia kwamba zilikuwepo jioni ambazo sauti pekee iliyokuwa ndani ya nyumba ile ilikuwa ya paka kukoroma. Basi mtu asije akauliza kwa nini mambo yaliyofuata yalikuwa mazito kwake.

Ugonjwa ulianza mwaka jana kwa kiu. Paka aliyekuwa anagusa maji kama mtu anayeonja pilipili alianza kunywa ovyo: kwenye ndoo, kwenye dimbwi, kwenye beseni la Haruni la kufulia. Siku moja Maalim Ally wa madrasa aliweka kopo lake la udhu chini, akakunja mikono ya kanzu, alipogeuka akakuta nusu limekwenda na Afande anajipangusa sharubu. Maalim alisema paka hanajisi maji, akaendelea kutawadha kwa kilichobaki, ila alimshauri Bi Rukaya amtafute daktari, maana kiu ile si ya kawaida.

Daktari ni Remigius, afisa mifugo, mtu wa Muleba, anayekuja kwa pikipiki kutoka Kibiti. Miaka yote alizoea kuitwa kwa ng'ombe na mbuzi, na alipofika akauliza mgonjwa yuko zizi gani. Alipooneshwa gunia alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akachuchumaa, akamshika Afande mbavu. Akataka kujua uzito.

Hapo fani ya mwandishi ikahitajika. Mizani yetu ni ya magunia. Ukiweka paka haitikisiki, inadhani ni nzi. Ikabidi Bi Rukaya apande na paka, apimwe, kisha apande bila paka, apimwe tena, na mwandishi atoe. Tatizo ni kwamba Bi Rukaya hakuridhia uzito wake utajwe kwa sauti, wala uandikwe, wala ujulikane na mtu yeyote, akiwemo karani. Kwa hiyo mwandishi alisoma mizani amefumba jicho moja, akafanya hesabu kichwani, akatangaza kwamba Afande ana kilo mbili na nusu. Mwezi uliofuata tulipima tena, jibu likaja kwamba paka ameongezeka kilo nne. Daktari Remigius alifurahi sana mpaka alipomtazama paka. Kumbe safari ile aliyeongezeka ni mwingine, na mwandishi hatasema zaidi kwa sababu bado anataka kuishi Mbuchi.

Damu ya Afande ilipelekwa maabara Dar es Salaam ndani ya barafu la kamba wanaopelekwa sokoni, na majibu yakarudi: figo zimechoka. Ni ugonjwa wa wazee wa paka, haurudi nyuma, unaweza tu kucheleweshwa. Akapangiwa dripu chini ya ngozi, mara mbili kwa wiki, na vyakula vya chumvi akakatazwa. Tulining'iniza chupa kwenye ndoano ya mizani ya zamani, Bi Rukaya akimpakata, Haruni akimshika miguu, na mwandishi akimshika mkia, ambao daktari alisema hauna haja ya kushikwa. Wakulima waliokuja kupima mpunga walisubiri foleni nyuma ya paka. Hakuna aliyelalamika, isipokuwa Mwenyekiti, aliyesema kwamba paka ni paka, na kama amezeeka achomwe sindano ya mwisho, mambo yaishe, ghala liendelee.

Bi Rukaya alimjibu kwamba na yeye Mwenyekiti figo zake zichunguzwe. Wakanuniana wiki tatu.

Ilipofika Juni, dripu zikawa hazisaidii kama mwanzo. Afande akaanza kutapika, manyoya yakasimama kama ufagio wa chelewa, akaacha kujilamba. Sasa swali la Mwenyekiti likawa swali la wote, ingawa sisi tuliuliza kwa upole: tumwache mpaka ajiondokee mwenyewe, au tumsaidie aondoke? Tulimwendea Maalim Ally. Naye, Mungu amzidishie, hakujifanya anajua kila kitu. Alisema amesoma wanaoruhusu ikiwa mnyama anateseka na dawa hakuna, na amesoma wanaosema aachwe kwa Mola wake, lakini wote anawaona wamekubaliana kwenye huruma; basi atakayeamua aamue kwa kumhurumia mnyama, asiamue kwa kuchoshwa naye. Tukamgeukia daktari. Yeye alikataa kutupa tarehe. Alisema kila jioni tujiulize mambo matatu: amekula? amejilamba? ametoka kuota jua? Mawili kati ya matatu, ni siku njema. Chini ya hapo, ni siku mbaya. Tuhesabu mwezi mmoja, siku mbaya zikizidi, tutakuwa tumeshajibiwa.

Ushauri ulikuwa mzuri. Utekelezaji ndio ulikuwa wa kwetu. Tukaweka visahani viwili kwenye meza ya Bi Rukaya, ofisini hapa ghalani, kimoja cha siku njema na kimoja cha siku mbaya, na kila jioni tukatia punje moja ya mpunga panapostahili. Kesho yake visahani vyote vilikuwa vitupu. Tukatia tena, vikawa vitupu tena. Tulikaa siku nne nzima tukishukiana, watu wazima wenye akili zao, mpaka Haruni akasema pole pole kwamba tumeacha mpunga wazi ndani ya ghala ambalo paka wake ni mgonjwa. Loo! Ndipo tukatafuta makopo ya maziwa yenye vifuniko, tukaanza upya tarehe mosi Julai.

Mwezi ukaisha. Daktari Remigius akaja, kikao kikaitwa, makopo yakaletwa mezani mbele ya Mwenyekiti. Kopo la siku njema lilitoa punje kumi na mbili. Kopo la siku mbaya lilitoa punje nne. Nyuso zikakunjuka, na Haruni akapiga makofi. Daktari akabaki anazitazama zile punje, kisha akauliza kama mwezi wa saba wa Mbuchi una siku kumi na sita.

Panya hafungui kopo la maziwa akalifunga tena. Wa kwanza kusema alikuwa Bi Rukaya, ameinamisha uso: alitoa punje sita kwenye kopo la siku mbaya, moja moja, siku ambazo Afande alimtazama vizuri tu japo hakula. Tukadhani imeisha, lakini sita na kumi na sita bado ni ishirini na mbili. Mwenyekiti akakohoa. Akavua kofia, akaitazama ndani kama amesahau kitu humo, akasema tano ni zake. Alikuwa anapitia ofisini baada ya swala ya alasiri, Bi Rukaya akiwa nje. Mzee Abdulswamadu, aliyesema paka ni paka! Bi Rukaya akamsogezea kiti, na kinyongo kilichobaki kati yao kikafia pale pale.

Zilibaki nne. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye hapendi paka, alisema kwamba nne hizo anazijua zilikokwenda.

Kwa hiyo hesabu ya kweli ilikuwa siku njema kumi na mbili, siku mbaya kumi na tisa. Daktari Remigius hakutucheka. Alizirudisha zile punje kwenye kopo moja moja, akasema:

"Ndugu zangu, hizi mlizitoa kwenye kopo tu. Kwenye mwili wake hazijatoka. Siku zote kumi na tisa amezilala yeye."

Mwandishi alitaka kusema jambo la utaratibu, kwa mazoea, akaishia kufunika kopo. Tulikuwa tumedhani tunamwonea huruma paka, kumbe tunajionea wenyewe, na yeye ndiye aliyekuwa analipia kwa mgongo wake. Macho yakamwendea Bi Rukaya, kwa sababu sote tulijua kwamba kikao kinaweza kuandika kinachotaka, lakini neno la mwisho ni lake. Alijifuta kwa ncha ya mtandio. Alimuuliza daktari kama Afande ataumia. Daktari alisema kwanza atamchoma ya usingizi, alale kabisa, ndipo afuate ya pili, na ile ya pili hataijua. Bi Rukaya akauliza kama anaweza kufanyiwa palepale juu ya gunia lake badala ya kupakiwa kwenye pikipiki mpaka Kibiti. Daktari alisema atakuja mwenyewe.

"Basi mie ndiye nitakayempakata," alisema Bi Rukaya. "Alinipakata na yeye."

Kikao kingeishia hapo, ila Mwenyekiti alisimama na hoja. Alisema ghala hili halijawahi kumtoa mtumishi wake bila kumuaga. Aliyefanya kazi miaka mitatu ameagwa kwa pilau, na yule aliyefukuzwa aliagwa kwa chai na maandazi. Mwenye miaka kumi na tano hawezi kuondoka kama ameibiwa. Hoja ikapita bila kupingwa, na hii ndiyo sababu nyote mko hapa leo mmevaa vizuri. Kuhusu zawadi palikuwa na mjadala wa saa nzima. Kwa desturi mstaafu hupewa mabati ya kuanzia ujenzi. Wengine walisema paka hajengi. Ikakubaliwa apewe bati moja, nalo litalazwa juu ya udongo nyuma ya ghala, upande wa jua la asubuhi, mbwa wasifukue. Mwenyekiti amelichagua mwenyewe, geji nene, na kuna aliyemwona akilipangusa.

Uongozi unamshukuru Afande kwa kila gunia lililofika msimu mwingine likiwa zima. Wakulima wa Mbuchi wanamshukuru kwa mbegu. Haruni ameomba iandikwe kwamba ng'onda amewasamehe, wote. Nafasi yake haitatangazwa mpaka arobaini ipite, ingawa mjukuu wake mmoja ameonekana akizungukazunguka mlangoni, na bata wa Mwenyekiti amekwisha kumfukuza mara mbili.

Sasa desturi ya wasifu kama huu inamtaka mwandishi amalizie kwa kumtakia mstaafu maisha mema na marefu nje ya kazi. Mwandishi amekaa na kalamu juzi na jana, sentensi hiyo haikuandikika. Ustaafu wa Afande unaanza saa tatu asubuhi, baada ya jina lake kuitwa kwa mara ya mwisho na kufutwa kwenye daftari. Daktari Remigius atafika saa kumi alasiri. Sote tutaombwa kutoka nje, watabaki daktari na Bi Rukaya.

Kwa hiyo mie Kondo nasema hivi, na anisahihishe mwenye lugha nzuri kuliko yangu. Leo hakuna dripu. Masharti ya chumvi yamefutwa. Bi Rukaya amemletea kamba wakubwa wa leo asubuhi, akila wawili ni sawa, akinusa tu ni sawa. Gunia lake tumelisogeza kwenye jua, na kila jua likihama Haruni atalihamisha. Panya yeyote atakayepita, apite kwa amani, mlinzi hayupo zamu. Asante, Afande, kwa yote, na kwa ile miezi minne na siku kumi. Tunakupenda. Tunakutakia saa saba njema.